Barua ya wazi: Mpangaji apate mwanasheria kabla vyombo havijatolewa nje

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria. Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote nawaandikia kama mpangaji, na kama msaidizi wa kisheria ninayejitolea katika kata moja ya Temeke. Ombi langu naliweka hapa juu ili msilitafute: mkazi wa Dar es Salaam anayepanga, mwenye nyumba anapoanza kumnyanyasa, apate mtu anayeijua sheria, bila malipo, mahali anapopafahamu, na siku ileile. Sheria ya msaada huo ipo. Wanasheria wapo. Kinachokosekana ni namna ya kumfikia mpangaji kabla godoro lake halijatupwa barazani.

Manyanyaso yenyewe mnayajua, maana wengi wenu mlipanga kabla ya kujenga. Mara nyingi huanza kwa maneno tu. Mwenye nyumba amepata mtu aliye tayari kulipa zaidi, au kijana wake anaoa na anataka chumba, au nyumba imepata mnunuzi anayeitaka ikiwa tupu. Kodi ya mpangaji haijaisha. Hapo ndipo anaanza kuchoshwa. Kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba nzima na iko upande wa mwenye nyumba, swichi inashushwa saa moja usiku. Bomba la uani linafungwa kufuli. Choo kinakuwa na ufunguo ambao leo haupatikani. Fundi anapanda juu ya paa mwezi wa Aprili, masika yamekolea, anaezua bati mbili tatu, anashuka na harudi tena. Mpangaji akivumilia yote hayo, siku moja anarudi kutoka kibaruani anakuta kufuli geni mlangoni kwake, au mlango umeng'olewa na vyombo viko nje, watoto wamekaa juu ya ndoo.

Ijumaa jioni ndiyo saa inayopendwa. Mtendaji wa mtaa ameshafunga ofisi, baraza la kata halikai, mahakama zimefungwa hadi Jumatatu. Mwenye nyumba mwenye nia mbaya anazo siku mbili na nusu za kufanya atakalo. Jumatatu asubuhi, ofisi zinapofunguliwa, mpangaji mpya ameshatundika pazia.

Mama mmoja anayeuza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala alinifuata Jumapili baada ya mambo ya namna hiyo. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita na bado ilikuwa imebaki miezi kadhaa. Risiti hakupewa, mkataba hakuandikiwa, lakini pesa alizituma kwa simu na ujumbe wa muamala alikuwa nao. Ijumaa usiku alikwenda kwa mjumbe, akaambiwa azungumze na mwenye nyumba wake kwa upole. Alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa hayo ni mambo ya madai, si jinai. Jumatatu alikwenda kwa mtendaji, naye akamwelekeza baraza la kata. Kufikia hapo alikuwa ameshahamia kwa dada yake Mbagala na watoto, kitanda chake kimeloa mvua, na mtaji wa chapati umekwenda kwenye gari la kuhamisha vyombo. Nilimweleza haki zake. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza zitamsaidia nini wakati chumba kina mtu.

Swali lile ndilo ninalowaletea, kwa sababu haki zenyewe alikuwa nazo, na hazikuwa ndogo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake, bila kubagua mwenye hati na mpangaji. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua kwamba pango la mwaka mmoja au chini ya hapo laweza kuwa la mdomo, kwa hiyo kukosa karatasi hakukumfanya mvamizi. Sheria hiyohiyo inaweka ndani ya kila pango ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi yake atakaa kwa amani muda wote wa pango bila kusumbuliwa, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa popote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na ujumbe wa muamala kwenye simu ni kumbukumbu ya aina hiyo. Na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kitanda kile kilikuwa mali yake, si mali ya mwenye nyumba. Polisi waliomwambia hakuna jinai wangesikia hoja hizo kama angekuwa na mtu wa kuzisema mbele yao usiku ule.

Naomba niwakumbushe tulikotoka. Nchi hii haikuanza jana kumfikiria mpangaji. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wa Kariakoo na Upanga bado wanaziita nyumba za Msajili. Kisha ikaja Sheria Na. 17 ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa. Chini ya sheria ile, mwenye nyumba aliyetaka mpangaji atoke alitakiwa awe na sababu inayotajwa na sheria, akaiseme mbele ya chombo. Ilikuwa na kasoro zake. Kodi zilizopangwa na serikali ziliwafanya wenye nyumba wengi waache kukarabati, na sitetei kurudi huko. Lakini sheria ile ilifutwa mwaka 2005, mabaraza yake nayo hayapo tena, na mpangaji akabaki na vyombo vya kawaida vya migogoro ya ardhi, vilivyotungwa zaidi kwa ajili ya watu wanaogombania viwanja na mashamba.

Kugombania kiwanja na kufungiwa chumba ni mambo mawili tofauti. Shauri la kiwanja linaweza kusubiri miezi na kiwanja kikawa palepale. Mtu aliyefungiwa chumba hana pa kulala leo.

Angalieni njia anayopaswa kupita. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, na limepewa siku 30 kufanya hivyo. Likishindwa, ndipo mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sina ugomvi na usuluhishi. Mimi mwenyewe kazi yangu kubwa ni hiyo, na nimeona watu wakipeana mikono. Lakini usuluhishi unahitaji pande mbili zilizosimama kwenye ardhi moja. Mmoja akiwa ndani anakunywa chai na mwenzake yuko nje na vyombo, siku 30 zinamfaa aliye ndani. Kadiri shauri linavyochelewa ndivyo mwenye nyumba anavyoshinda bila hata kufungua mdomo, maana mpangaji hana budi kutafuta pa kulala, na akishapata anaacha kudai.

Halafu aingie Baraza la Wilaya. Huko kuna maombi ya kuandika, kiapo cha kuambatanisha, ombi la zuio la muda, hati ya dharura, ada. Wanaoweza kuandika hayo ni mawakili, na mtu anayelipia chumba kwa kuuza chapati hawezi kumlipa wakili. Hata mkataba wake, kama anao, una mtego: Sheria ya Ushuru wa Stempu inazuia hati isiyolipiwa ushuru kupokelewa kama ushahidi hadi ilipiwe. Ni wapangaji wangapi wa Tandale au Vingunguti waliowahi kuambiwa habari ya stempu siku walipotia saini? Dalali alichukua ujira wake, kodi ya mwezi mmoja, akaondoka. Mwenye nyumba alihesabu pesa. Hakuna aliyekuwa upande wa mpangaji pale mezani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali imefanya kazi katika eneo hili na ningekosea kunyamaza. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 ilitutambua sisi wasaidizi wa kisheria, ambao kabla ya hapo tulionekana kama wapiga domo wa mtaani. Iliweka msajili, iliweka utaratibu, ilisema msaada kwa asiye na uwezo ni bure. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo kwa kazi yetu ni kubwa kuliko linavyosemwa. Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, nayo imepita mikoani ikisikiliza migogoro ya ardhi, mirathi, ndoa na ukatili wa kijinsia. Nimeona watu waliobeba makaratasi ya miaka mingi kwenye mifuko ya nailoni wakipata, kwa mara ya kwanza, mwanasheria wa kuyasoma.

Ila kampeni huja na kuondoka. Mirathi ya miaka kumi inaweza kusubiri banda la kampeni lifike. Mpangaji aliyekatiwa maji Jumanne anahitaji mtu Jumanne. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake yamekuwa yakibeba mzigo huu kwa miongo mingi, na wasaidizi wa kisheria tupo kwenye kata. Lakini mashirika hayo ofisi zake ni chache kwa mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Na sisi wa kwenye kata, sheria haituruhusu kumwakilisha mtu mahakamani. Tunaweza kumweleza, kumwandikia, kumsindikiza. Tukifika kwenye mlango wa Baraza tunabaki nje. Ninayemhitaji pale mlangoni ni wakili wa kumpokea mtu wangu, na wakili huyo hayupo.

Hapa Temeke tayari mmeshatuonyesha kwamba inawezekana. Tangu 2021 tuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa. Mahakama za ngazi mbalimbali ziko chini ya paa moja, na watoa msaada wa kisheria wamo humohumo. Mjane anaingia na cheti cha kifo, na kabla hajaanza kuzungushwa anakutana na mtu wa kumwambia aanzie wapi. Nimewapeleka watu pale nikaona sura zinavyobadilika. Kama mahakama iliweza kupanga hivyo kwa ajili ya mirathi, naomba mniambie kinachozuia kufanya hivyo kwa wapangaji kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya mkoa huu. Meza moja, wakili mmoja wa zamu, wanafunzi wawili watatu. Wanafunzi hawako mbali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya sheria, na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iko Barabara ya Sam Nujoma, mwendo wa daladala moja tu. Vijana wale wanahitaji mahali pa kujifunzia kazi kwa vitendo, na wapangaji wanahitaji watu.

Polisi nao wameonyesha njia. Madawati ya Jinsia na Watoto yalipowekwa vituoni, mwanamke aliyepigwa na mumewe aliacha kuambiwa arudi nyumbani wakayamalize. Afisa aliyefunzwa anampokea na anajua aandike nini. Sidai kwamba yanakwenda vizuri kila mahali, lakini yamebadilisha kile ambacho askari wa zamu anaweza kumjibu mtu. Mpangaji anahitaji kitu cha namna hiyo: maelekezo ya maandishi kutoka makao makuu kwamba anayevunjiwa mlango, anayeharibiwa vyombo, anayetishiwa kupigwa au anayeguswa mwili bila ridhaa na mwenye nyumba au na vijana wa kukodiwa, amelalamikia jinai, na malalamiko yake yaandikwe. Suala la nani ana haki ya kukaa chumbani liende kunakohusika. Kitanda kilichovunjwa kibaki kwenye jalada la polisi.

Niseme wazi jambo moja ambalo kwenye vikao husemwa kwa kuzungukazunguka. Wasichana na wanawake wanaopanga peke yao hukutana na manyanyaso ambayo mwanamume hakutani nayo. Kodi imechelewa wiki moja, mwenye nyumba anagonga usiku na kusema kuna namna ya kuyamaliza. Akikataliwa, kesho yake umeme hakuna, na majirani wanaambiwa huyu binti ni malaya anayeingiza wanaume. Wengi wanahama kimyakimya na kupoteza kodi waliyolipa. Hawaendi kwa mjumbe kwa sababu mjumbe ni rafiki wa mwenye nyumba, na hawaendi polisi kwa sababu wanaona aibu. Wanakuja kwetu, tena usiku, na kwa sharti kwamba tusimwambie mtu. Kwa hawa, mwanasheria wa bure hatoshi. Awe mwanamke, awe na chumba chenye mlango unaofungwa, na ajue kumpeleka mhusika kwenye dawati la jinsia bila kumtembeza mtaa mzima.

Najua watakaosoma hapa watauliza: na mwenye nyumba je? Ni swali la haki. Nyumba nyingi za kupanga mjini hapa si za matajiri. Ni nyumba za wajane, wastaafu, watu waliojenga chumba kimoja kimoja kwa kiinua mgongo, na kodi ya vyumba viwili ndiyo dawa zao za presha na chakula chao. Wapo wapangaji wanaokaa mwaka bila kulipa, wanaovunja vyoo, wanaohama usiku na deni la maji. Bibi mmoja kama huyo hawezi kusubiri Baraza kwa miezi, na ndiyo maana anaishia kuwaita vijana wang'oe mlango. Ninamwelewa. Kwa hiyo meza ninayoiomba imfae na yeye. Mwanasheria wa bure akimweleza bibi kwamba mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi, pasipo muda uliokubaliwa, anapaswa kupewa notisi isiyopungua mwezi, akamwandikia notisi hiyo vizuri, na shauri likasikilizwa haraka, bibi atapata chumba chake bila kujitia kwenye kesi ya kuharibu mali. Wenye nyumba wengi ninaosuluhisha nao hawaijui sheria kama wasivyoijua wapangaji. Wanafanya walichoona baba zao wakifanya.

Wengine wataniambia serikali za mitaa zipo. Nawaheshimu wenyeviti wetu wa mitaa na wajumbe, wanaamshwa usiku bila mshahara. Lakini mwenyekiti wa mtaa mara nyingi naye ni mwenye nyumba. Anaishi na wenye nyumba wenzake maisha yake yote, wamezikana, wameozeshana. Mpangaji amekuja mwaka jana na barua ya utambulisho kutoka mtaa mwingine na mwakani huenda atahama. Kumtaka mwenyekiti awe mtetezi wake dhidi ya jirani wa miaka thelathini ni kumtwisha mtu mzigo usio wake. Abaki kuwa shahidi na msuluhishi. Utetezi ufanywe na mtu asiyeishi kwa hisani ya upande wowote.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo najua ndilo litakalotajwa kwanza. Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida yenye mita moja inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme kwenye nyumba ya kupanga ni mpangaji. Anaweka shilingi 5,000 ya umeme usiku, anaona imekatwa, ananyamaza. Wapo wenye nyumba waungwana wanaomrudishia, lakini mimi nimekutana nao wachache. Kwa hiyo mpangaji wa Dar es Salaam anachangia mfuko wa serikali mara mbili, kwa kodi zake mwenyewe na kwa kodi ya jengo lisilo lake. Serikali imepata njia ya kumfikia chumbani kwake kila mwezi bila kukosea hata mara moja. Ninaomba sehemu ndogo ya fedha hizo imrudie kwa sura ya wakili wa zamu.

Wenzetu wamejaribu. Jiji la New York lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuwapatia mawakili bila malipo wapangaji wa kipato cha chini wanaokabiliwa na kesi za kuondolewa majumbani, likiwa jiji la kwanza Marekani kufanya hivyo, na miji mingine ikafuata. Wao wana fedha tusizo nazo, sitaki kujifanya tuko sawa. Karibu zaidi, Kenya walibaki na baraza lao la kodi za nyumba, ila sheria yake iliwekewa ukomo: inalinda tu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Kodi zikapanda, ukomo ukabaki palepale, na wapangaji wengi wakajikuta nje ya ulinzi uliokusudiwa kuwa wao. Tukitunga sheria yetu, tusiandike kiwango cha shilingi ndani ya sheria yenyewe. Tukiweke kwenye kanuni ambazo Waziri anaweza kuzirekebisha.

Basi naomba niyaseme mambo yenyewe kwa kila mmoja wenu.

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, weka wakili wa zamu wa wapangaji kwenye kila Baraza la Ardhi na Nyumba la Dar es Salaam, alipwe kwa fungu la kudumu na si kwa fedha za mfadhili zinazokwisha na mradi. Sisi wasaidizi wa kisheria tupewe namba yake ya simu, tumpelekee mtu akiwa na maelezo yaliyoandikwa tayari, ili asipoteze saa nzima kuuliza mambo ambayo tumeshayauliza. Na utuangalie na sisi. Wengi wetu tunajitolea kwa nauli za mifukoni mwetu. Msaidizi wa kisheria asiye na nauli ya kwenda Kigamboni na kurudi hamsaidii mtu wa Kigamboni.

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, peleka bungeni marekebisho mawili. La kwanza, shauri la mtu aliyefungiwa nje, kukatiwa maji au umeme, au kutolewa vyombo wakati kodi yake haijaisha, lisianzie kwenye siku 30 za usuluhishi. Liende moja kwa moja Barazani, lisikilizwe ndani ya saa 48, na amri ya kwanza iwe kumrudisha ndani mpangaji huku mengine yakisubiri. La pili, vitendo hivyo vyenyewe viandikwe kama kosa la jinai kwa majina yake, ili askari wa zamu asilazimike kufikiri ni kifungu gani. Kauli za viongozi za kukataza wapangaji kudaiwa kodi ya mwaka mzima au miezi sita kwa mkupuo tumezisikia zaidi ya mara moja, na mpangaji anayekwenda kwa dalali leo bado anatajiwa miezi sita. Kauli hazina kifungu. Katika marekebisho hayohayo, au kwenye kanuni zake, uwemo mkataba wa mfano wa pango, wa kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, wenye nafasi ya kuandika nani anashika mita, maji yanalipwaje, kodi ya majengo ni ya nani, na kiasi kinachorudishwa mpangaji akiondolewa kabla ya muda.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, lako halihitaji Bunge. Kaa na Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu, wapangaji waingizwe kwenye maelekezo ya vituo. Na uagize kila kata iwe na mtendaji mmoja wa zamu wa Ijumaa usiku hadi Jumapili mwenye namba inayopokelewa, anayeweza kufika kwenye nyumba, kuandika alichokikuta, kupiga picha mlango na vyombo, na kutia muhuri. Karatasi hiyo moja, yenye tarehe na muhuri, itakuwa na uzito mkubwa Barazani Jumatatu kuliko maneno ya mpangaji na majirani wanaoogopa kufukuzwa na wao.

Wakurugenzi, ofisi za kata ni zenu. Tengeni chumba. Msitupe meza ya ukumbini ambako mtu anaeleza shida yake huku wengine wanasubiri barua za benki wakimsikiliza. Siku mbili kwa wiki zatosha kuanzia, ila moja iwe Jumamosi, kwa sababu fundi, mama lishe na bodaboda hawawezi kuacha riziki ya siku ya kazi kuja kutafuta ushauri. Maafisa maendeleo ya jamii wajue majina yetu. Na mkataba wa mfano utakapotoka, usiishie kwenye mafaili. Mpangaji anapokuja kuomba barua ya utambulisho, apewe na nakala hapohapo, kwa sababu huo ndio wakati pekee ambao karibu kila anayehamia mtaani anapita mbele ya ofisi ya serikali.

Vikao vya bajeti vinaanza Dodoma mwezi wa Aprili na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fungu la mawakili wa zamu likiingia kwenye makadirio hayo, masika yatakayofuata mpangaji wa Manzese, Buguruni au Kigogo atakuwa na mtu wa kumpigia. Lisipoingia, naomba tuelezwe sababu. Na majibu yenu, yawe ya kukubali au ya kukataa, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa za wilaya zote tano, maana wengi wa ninaowaandikia kwa niaba yao husoma pale wanapokwenda kufuata barua, na si kwenye tovuti za wizara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji na msaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Temeke, Dar es Salaam